Nguzo za Muda na Joto: Kwa Nini Jeki Haikazwi Mpaka Mwisho

Kila jengo linapoporomoka likiwa bado linajengwa, mabishano huwa yaleyale. Mmoja atasema kosa ni mirunda, wangetumia vyuma. Mwingine atasema vyuma navyo vinatanuka kwa jua, ndiyo maana slabu imepasuka. Wa tatu, mara nyingi mtu aliyewahi kusimamia ujenzi wa nyumba yake, atasema fundi hakukaza jeki vizuri. Wote watatu wameshika kipande cha ukweli, lakini vipande hivyo vikiunganishwa ovyo huzaa ushauri wa hatari, hasa huo wa kukaza. Hebu tuvipange kimoja kimoja.

Tegemeo la muda ni kitu chochote kinachobeba jengo, au kuzuia udongo, mpaka kazi ya kudumu iweze kujibeba. Mrunda ulio chini ya slabu ni tegemeo la muda. Propu ya chuma, yaani ile jeki inayotajwa kwenye mabishano, vilevile. Bomba nene la chuma lililolazwa kukatiza shimo refu la msingi, kuta mbili zisije zikaangukiana, nalo ni tegemeo la muda, ingawa limelala badala ya kusimama. Kwa kuwa vitu hivi vitaondolewa, watu wengi huviona ni jambo dogo. Lakini fikiria vinabeba nini. Zege bichi lina uzito wake wote na halina nguvu hata kidogo. Slabu ya unene wa sentimita 15 ina karibu kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na hapo hujahesabu nondo, mbao, toroli na mafundi wenyewe. Katika maisha yote ya jengo hakuna wakati linapotegemea vitu vichache kiasi hicho.

Tegemeo linalorekebishika ni lile ambalo urefu wake unaweza kubadilishwa likiwa tayari mahali pake. La zamani kabisa ni kabari: vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mshazari, vikawekwa vikielekeana chini ya mrunda. Ukigonga kimoja, mrunda unapanda; ukigonga upande wa pili, unashuka. Linalofahamika zaidi leo ni propu ya chuma, ambayo William de Vigier, Mswisi aliyehamia London, aliiingiza sokoni miaka ya 1930 kwa jina la Acrow. Ukiitazama kwa karibu utaona ni bomba ndani ya bomba. Bomba la ndani lina matundu yaliyoachana kwa sentimita kadhaa, na pini nene hupita kwenye tundu mojawapo. Pini hiyo hukaa juu ya nati kubwa yenye mkono, inayozunguka kwenye meno yaliyochongwa nje ya bomba la chini. Matundu yanakupa urefu wa kukadiria. Nati inakupa milimita. Kazi yote ya kurekebisha iko kwenye hizo milimita, kwa sababu joto nalo hufanya kazi yake kwa milimita.

Joto linafanya nini hasa

Ukilala kwenye nyumba ya mabati unajua: jua likipanda paa linalia, na jioni linalia tena. Bati linatanuka, kisha linasinyaa, na misumari inalizuia. Chuma cha pua (steel) cha ujenzi hutanuka kiasi cha sehemu 12 kwa kila sehemu milioni za urefu wake kila joto linapopanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Zege liko karibu na hapo, takriban sehemu 10. Kukaribiana huko ndiko kunakoruhusu nondo na zege kuishi pamoja bila kuachana kila mchana.

Tufanye hesabu ndogo. Propu ya mita 3, iliyofungwa alfajiri chuma kikiwa nyuzi 18, ikipigwa na jua mpaka nyuzi 48, itarefuka kwa milimita 1 na kidogo. Bomba la mita 12 lililokatiza shimo, kwa tofauti hiyohiyo ya nyuzi 30, litarefuka milimita 4.3. Daraja la chuma la mita 100 litarefuka milimita 36. Namba hizi zinaonekana ndogo mno kuangusha kitu, na ndipo watu wengi wanapoacha kufuatilia.

Kinachochanganya ni kwamba joto peke yake halizalishi nguvu yoyote. Chuma kilichowekwa juu ya meza, bila kugusana na chochote, unaweza kukipasha joto siku nzima na hakitasukuma kitu. Nguvu inazaliwa pale chuma kinapotaka kurefuka na kitu kingine kikakikatalia. Ni kama mtu aliyelala kwenye kitanda chenye ubao kichwani na miguuni. Kitanda kikiwa kirefu, atajinyoosha na wala hakuna atakayejua. Kikiwa sawasawa na kimo chake, akijinyoosha ama ubao unatoa mlio, ama magoti yake yanakunjika.

Sasa weka namba. Chuma kilichobanwa pande zote mbili kisiweze kurefuka hata kidogo, kikipata ongezeko la nyuzi 30, hujenga msukumo wa zaidi ya kilo 7 kwa kila milimita ya mraba ya mkato wake, yaani ule uso unaouona ukikikata. Chukua lile bomba la shimoni, tuseme mkato wake una chuma cha sentimita za mraba 100. Ukilibana kabisa, joto la mchana mmoja litaongeza msukumo wa tani 70 na zaidi, juu ya mzigo wa udongo ambao lilikuwa limeshaubeba. Ukiliruhusu lirefuke nusu ya kile linachotaka, yaani milimita 2 na kidogo tu, msukumo unashuka hadi nusu. Yaani milimita 2 zina thamani ya tani 35. Mhandisi anayeshughulika na mategemeo ya muda anauza na kununua milimita kwa tani, na ustadi wake wote ni kujua bei.

Hapa tunakutana na imani iliyoenea kuliko zote: kwamba dawa ya joto ni kuongeza chuma. Bomba lina wasiwasi? Weka nene zaidi. Kwa mzigo wa kawaida, kama uzito wa zege, hilo ni sahihi. Kwa joto siyo. Bomba nene mara mbili, likibanwa vilevile, linasukuma kwa nguvu mara mbili. Mkazo ndani ya chuma chenyewe unabaki uleule, ila ukuta, boriti na viungo vilivyo mwisho wake sasa vinapokea mzigo maradufu. Umeimarisha kitu ambacho hakikuwa na tatizo na ukakitwisha kile kilichokuwa dhaifu.

Imani ya pili ni kwamba haya ni mambo ya nchi zenye theluji, sisi huku joto letu ni lilelile mwaka mzima. Hewa ndiyo haibadiliki sana, hasa Mombasa na Dar es Salaam ambako usiku haupoi kwa kiasi kikubwa. Lakini tegemeo haliko kivulini pamoja na kipimajoto cha watabiri wa hali ya hewa. Liko juani. Chuma kilichoachwa jua la adhuhuri kinaweza kupita nyuzi 50 hali hewa iko 32, na kila aliyewahi kushika mlango wa gari lililoegeshwa juani anajua. Ukipanda bara, Nairobi au Dodoma mwezi wa Julai, alfajiri inaweza kuwa nyuzi kumi na kitu, na mchana jua likitoka linakuwa kali. Kinachohesabiwa ni tofauti kati ya joto la chuma saa ile kilipofungwa na joto lake saa nyingine yoyote kitakapokuwa kimebeba mzigo. Tofauti hiyo huku kwetu inafika nyuzi 30 au zaidi bila shida.

Barafu ya St. Louis

Kisa kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko vyote ninavyovijua kilitokea Marekani, katika jiji la St. Louis, kwenye mto Mississippi. James Eads alikuwa anajenga daraja la matao matatu ya chuma cha pua, la katikati likivuka karibu mita 158 kutoka nguzo hadi nguzo. Kwa wakati ule lilikuwa jambo ambalo halijawahi kufanyika. Mto ulikuwa na meli nyingi, hivyo hakuruhusiwa kujaza majukwaa ya mbao ndani ya maji ili kushikilia matao wakati yanajengwa. Ilibidi matao yaote hewani kutoka kila nguzo, nusu mbili zikielekeana, mpaka zikutane katikati.

Msaidizi wake, Henry Flad, ndiye aliyebuni namna ya kuzishikilia. Juu ya nguzo za mawe alisimamisha minara ya muda, na kutoka kwenye minara hiyo akashusha vishikizo vya chuma vya kuvuta nusu za matao zisianguke. Flad alijua kwamba vishikizo hivyo vitarefuka mchana na kufupika usiku, na kila vikirefuka ncha ya tao itashuka. Kwa hiyo minara yenyewe aliiweka juu ya jeki za maji. Joto likipanda, jeki zinainua mnara na kufidia urefu ulioongezeka. Joto likishuka, zinaushusha. Kama kuna mtu anatafuta mfano wa tegemeo la muda lililobuniwa tangu mwanzo lifuate joto badala ya kupigana nalo, ni hili, na lilikuwapo karne ya 19.

Tatizo lilikuja wakati wa kufunga tao la kwanza, Septemba 1873. Vipande vya mwisho vilikuwa vimetengenezwa kwa urefu uliohesabiwa kwa joto fulani. Siku zile jua lilikuwa kali kupita hesabu hiyo. Nusu za tao zilikuwa zimerefuka na pengo la katikati likawa fupi, kipande hakiingii. Ukitaka kuona ukubwa wa jambo lenyewe, nusu moja ya tao la katikati ina takriban mita 79. Ongezeko la nyuzi 20 ni milimita 19 kwa kila nusu, yaani karibu sentimita 4 kwa pengo zima. Huwezi kugonga kipande cha chuma cha uzito ule kwa nyundo kiingie kwenye nafasi iliyopungua sentimita 4.

Mkopo kutoka London ulikuwa umefungwa kwa sharti la tarehe ya kufunga tao, na Eads mwenyewe hakuwapo. Flad aliamua kuyapoza matao. Wafanyakazi waliyafunga kwa magunia na kuyajaza barafu, tani kwa tani, wakiongeza usiku na mchana. Tao lilisinyaa, lakini halikusinyaa kiasi cha kutosha, maana jua lilikuwa linairudisha kazi nyuma kwa kasi ileile.

Kilichookoa kazi ni kitu ambacho Eads alikuwa amekiandaa mapema endapo haya yangetokea: kipande cha kufungia chenye skrubu, ambacho urefu wake ungeweza kupunguzwa, kikaingizwa kwenye pengo jinsi lilivyo, kisha kikarefushwa mpaka kikabana. Usiku wa Septemba 17, 1873, tao lilifungwa kwa kipande hicho. Daraja lilifunguliwa Julai 4, 1874, na mpaka leo treni zinapita.

Nakirudia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha njia mbili bega kwa bega. Barafu ni jaribio la kulazimisha chuma kifuate hesabu yako. Skrubu ni kukubali kwamba hesabu itakosea kidogo na kuacha nafasi ya kurekebisha. Nyakati nyingine zote mbili hutumika pamoja. Katika jiji hilohilo, jirani kabisa na daraja la Eads, Oktoba 28, 1965 walikuwa wanafunga kilele cha Gateway Arch, tao la chuma kisichoshika kutu lenye kimo cha mita 192. Miguu yake miwili ilikuwa imeunganishwa kwa boriti ya muda huko juu isiyumbe. Jua la asubuhi lilikuwa linatanusha mguu wa kusini, hivyo zimamoto waliumwagia maji kwa mipira ili usirefuke, na jeki zikasukuma miguu iachane kipande cha mwisho kipate nafasi. Karibu miaka mia moja ya maendeleo ilikuwa imepita, na kazi bado ni ileile ya maji na jeki.

Tegemeo linavyopangwa

Mhandisi anayepanga tegemeo la kurekebishika huanza na swali la joto la chuma, la chini kabisa na la juu kabisa, katika kipindi chote ambacho tegemeo litakuwa kazini. Kisha huchagua joto la kufungia. Hili ndilo jambo ninalotamani lijulikane zaidi. Ukifunga tegemeo alfajiri, chuma kikiwa kimepoa, basi mchana kutwa kitakuwa kinasukuma. Ukilifunga saa nane mchana likiwa limetanuka kabisa, usiku litasinyaa na kulegea, na tegemeo lililolegea halizuii kitu: ukuta wa shimo unasogea ndani, na asubuhi jua likiwaka bomba linaanza kuusukuma ukuta uliokwisha hama. Saa ya kufunga ni sehemu ya ubunifu kama ulivyo unene wa bomba, na inapaswa kuandikwa pamoja na joto la chuma lililopimwa wakati huo.

Ndiyo maana mabomba ya mashimo marefu husukumwa kwanza kwa jeki mpaka yabebe sehemu ya mzigo, kabla ya kufungwa. Msukumo huo wa awali unaondoa ulegevu wote kwenye viungo, ili hata chuma kikisinyaa usiku kiwe bado kimegusa na kinabeba. Ukizidisha msukumo wa awali, umekula nafasi ambayo joto la mchana litaihitaji. Ukipunguza sana, usiku linalegea. Kati ya hayo mawili kuna ukanda mwembamba, na upana wa ukanda huo unategemea udongo. Udongo laini unarudi nyuma kidogo ukisukumwa, hivyo unameza milimita na nguvu ya joto inakuwa ndogo. Mwamba haurudi nyuma, na hapo msukumo unakaribia ule wa hesabu ya kubanwa kabisa.

Baada ya hapo ndipo kinachaguliwa kifaa. Skrubu ni rahisi na haivuji, lakini haijirekebishi. Inahitaji mtu na spana. Jeki ya haidroli inaweza kushikilia mzigo uleule huku urefu ukibadilika, kwani mafuta yanaingia na kutoka kulingana na msukumo, ila mpira wa ndani ukichakaa mafuta yanavuja na tegemeo linashuka pole pole bila kelele. Kwa sababu hiyo jeki za kazi hizi huwa na nati ya usalama kwenye shina lake, inayozungushwa kwa mkono hadi kugusa, ili mafuta yakiondoka chuma kibebe. Springi nene za sahani hutumika pale mwendo ni mdogo na hakuna mtu wa kukaa akirekebisha: zinajibana kidogo mchana na kujiachia usiku, na mzigo haubadiliki sana. Na mahali pengine suluhisho ni rahisi zaidi, unaacha ncha moja iteleze. Ncha moja inafungwa imara, nyingine inakaa juu ya bamba laini la tefloni, plastiki yenye utelezi, huru kwenda mbele na nyuma lakini imezuiwa isiende pembeni. Anayeona ncha hiyo haijafungwa kwa bolti hudhani fundi amesahau. Ndivyo watu wanavyodhani pia kuhusu mapengo ya kwenye madaraja, yale yenye mpira au meno ya chuma ambayo picha zake husambazwa kwa maneno kwamba daraja limepasuka. Yaliachwa hapo makusudi ili sakafu ya daraja ipate pa kutanukia.

Kuna pia mambo ya bei nafuu. Kupaka bomba rangi nyeupe kunapunguza joto linaloingia. Turubai la kivuli juu ya mategemeo linapunguza zaidi.

Kivuli kina faida nyingine isiyosemwa sana. Jua halipigi pande zote za nguzo kwa pamoja. Upande unaotazama jua unatanuka kuliko ule wa kivulini, na nguzo inapinda kama upinde, tumbo likielekea kwenye jua. Propu ya mita 3 yenye kipenyo cha sentimita 6, ikiwa na tofauti ya nyuzi 10 kati ya pande zake, itapinda milimita 2 hivi katikati. Bomba la mita 15 litapinda zaidi. Nguzo iliyobeba mzigo huku tayari imepinda iko karibu zaidi na kukunjika, kwa sababu mzigo haupiti tena katikati ya chuma. Na kukunjika kwa nguzo nyembamba kuna kanuni ya kutisha: ukirefusha mara mbili, uwezo wake unashuka hadi karibu robo. Propu ileile iliyobeba vizuri ikiwa fupi, ukiivuta mpaka tundu la mwisho ili ifike dari ya juu, si propu ileile tena. Hapo mafundi wengi hufanya kosa wakiamini kwamba chuma ni chuma.

Nyumba ya kawaida

Sasa turudi kwa anayejenga ghorofa moja. Je, joto litaangusha slabu yake? Kwa maoni yangu, ni nadra mno, na ni vizuri kusema wazi ili watu wasihangaike na kisichokuwa tatizo. Propu zake ni fupi, zinarefuka milimita moja, na mbao za fomu na slabu yenyewe zina ulegevu wa kuimeza milimita hiyo. Kilicho hatari kwake kiko chini, miguuni pa propu. Propu iliyosimamishwa juu ya udongo wa kujaza bila ubao mpana chini yake itazama mvua ikinyesha, na itazama sentimita, si milimita. Halafu kuna timazi, yaani propu kusimama wima badala ya mshazari, na kuna pini: nimewahi kuona kipande cha nondo kimechomekwa badala ya pini halisi, kimepinda kama ndizi, na juu yake tayari zege limemwagwa. Nondo nyembamba haikutengenezwa kubeba mzigo huo, na pini ndiyo inayopitisha mzigo wote kutoka bomba la juu kwenda la chini.

Mirunda nayo ina habari yake. Kwa joto tu, mti ni bora kuliko chuma: kwa urefu wake hutanuka chini ya nusu ya chuma. Lakini mti mbichi unakauka, na ukikauka unafupika. Mrunda wa mita 3 uliokatwa majuzi unaweza kupungua milimita 3 hadi 6 ukikauka kabisa, mbali ya kupinda na kupasuka. Jua linalopasha chuma kikarefuka, linakausha mrunda ukafupika. Ukichanganya propu za chuma na mirunda mibichi chini ya slabu moja, mchana vyuma vinasukuma juu wakati mirunda inaachia, na mzigo wa mirunda unahamia kwenye vyuma ambavyo havikupangiwa kuubeba. Kama huna budi kutumia mirunda, iwe imekauka, imenyooka, na kabari zake zikaguliwe kabla ya kumwaga zege na wakati wa kumwaga.

Hapo ndipo lilipo swali la kukaza. Kabla ya zege kumwagwa, na wakati linamwagwa, kukagua na kukaza propu iliyolegea ni wajibu. Baada ya zege kuanza kushika, mambo yanageuka. Katikati ya slabu ya kawaida nondo kuu ziko chini, kwa sababu slabu ikijibeba yenyewe hulegea kwenda chini na upande wa chini ndio unaovutwa. Fundi akija siku ya pili na spana, akaona propu ya katikati imelegea kidogo, akaikaza kwa nguvu, anaisukuma slabu changa kwenda juu. Sasa upande unaovutwa ni wa juu, ambako hakuna nondo ya maana, na zege halijapata nguvu. Ufa utatokea juu, mwembamba, ukipita pale ilipo propu. Wenye nyumba watasema jua limepasua slabu. Nati ikazungushwa mpaka iguse, basi, ikishagusa inaacha. Spana ndefu ya kuongezea nguvu haina kazi hapo.

Kwa kazi kubwa, macho hayatoshi. Kwenye mashimo marefu ya mijini mategemeo hufungiwa vipimo vya mzigo na vya joto kwa pamoja. Kupima mzigo bila joto kunachanganya: mzigo ukipanda saa saba mchana na kushuka saa mbili usiku, kila siku hivyo hivyo, hilo ni jua. Ukipanda mchana na usiku usishuke, huo ni udongo, na ni wakati wa kuwatoa watu shimoni. Viungo navyo vinahitaji kuangaliwa kuliko mabomba. Aprili 20, 2004, huko Singapore, shimo la reli ya chini ya ardhi kando ya barabara ya Nicoll Highway liliporomoka na kuua watu wanne. Joto halikuwa chanzo. Uchunguzi ulionyesha kwamba kilichoanza kushindwa ni viungo vya kati ya mabomba na boriti za ukutani, vilivyokuwa vimebuniwa hafifu kuliko mzigo wao. Lakini hapo ndipo tani za joto huenda kila siku kwenye kila shimo: mwisho wa bomba, kwenye vibati na mashavu ya chuma ambayo hakuna anayeyapiga picha.

Mwisho kuna kuondoa, ambako kunataka urekebishaji uleule kwa mwelekeo wa kinyume. Tegemeo lililobeba tani nyingi haling'olewi kwa kugongwa nyundo. Wajenzi wa mnara wa Eiffel huko Paris walikuwa na mbinu nzuri. Miguu minne iliyoinama iliegemea majukwaa ya mbao, na juu ya majukwaa hayo kulikuwa na masanduku ya mchanga. Ukifungua kizibo cha chini, mchanga unatiririka na chuma kinashuka polepole kwa kiasi unachotaka. Jeki za maji zilizokuwa miguuni zilifanya kinyume chake, zikiinua. Kwa mbinu hizo mbili walilinganisha miguu yote minne kwenye boriti za ghorofa ya kwanza, Desemba 1887. Kwenye slabu ya nyumba mchanga hauhitajiki, inatosha kuzungusha nati: propu zote zinalegezwa kidogo kidogo, zikianzia katikati kwenda kwenye kuta, ili slabu ianze kujibeba kwa namna ilivyobuniwa. Baraza lililotokeza nje ya ukuta hufuata njia tofauti: hapo unaanzia kwenye ncha ukirudi ukutani. Na kazi hiyo haifanywi mpaka mhandisi aseme zege limefikia nguvu, maana zege la juu hukauka uso mapema kwa jua wakati tumbo lake bado ni changa.